Stesheni Isiyojitaja

Jumamosi moja kabla ya uchaguzi ule, nilimpeleka Baba na mdogo wangu Jafeti kwenye ufuo wa Ziwa Elementaita ili wanione nikifanya kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote katika bonde hili, yaani kusikiliza redio za mbali. Nilikuwa na pikapu ya kuazima, betri ya gari, waya wa shaba wa kutosha kuzunguka boma letu la Subukia, na redio kubwa yenye namba za kijani niliyoinunua Mombasa kwa jasho langu. Baba alikaa juu ya kreti ya soda. Jafeti alikuja na redio yake ndogo nyekundu, ile aliyozoea kuitundika kwenye tawi la kahawa akipalilia. Nilimwambia aiache garini isije ikatutia aibu.

“Wacha nayo ione maji,” alisema.

Baba alicheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekitafuta kwa miaka, na Jafeti alikipata kwa maneno manne.

Nilitandaza waya kando ya maji huku nikiwaeleza. Mchana stesheni ya AM hutambaa juu ya ardhi na kuchoka upesi. Jua likizama, mawimbi yake hupanda, anga huyarudisha chini mamia ya kilomita mbali, na mtu mwenye waya mrefu husikia nchi ambazo huenda asizikanyage kamwe. Sauti hizo huja vizuri zaidi karibu na maji ya chumvi, ndiyo maana wasikilizaji wa mbali hupenda pwani. Mimi nilijifunzia Kilifi. Niliporudi, watu waliniambia kwamba huku bara mchezo huo nitausahau. Nikatazama ramani, nikaona Elementaita na maji yake ya magadi, nikasema hii sasa ndiyo bahari yangu. Hakuna aliyenionyesha. Nilifikiria mwenyewe.

Lazima niseme nilikotoka, kwa sababu watu huiona nyumba yangu ya mawe pale Lanet na duka langu la sola mjini wakadhani nilishikwa mkono. Sikushikwa mkono. Niliondoka Subukia na mfuko mmoja wa nailoni. Mombasa nilibeba magunia. Kilifi nilikuwa mlinzi wa hoteli, kisha msaidizi wa fundi wa hoteli hiyo hiyo, na jioni nikasoma. Diploma ya elektroniki niliilipia mwenyewe na nikafaulu vizuri. Katika ukoo wetu wote, upande wa Baba na upande wa marehemu Mama, hakuna aliyekuwa amefika hapo. Niliporudi nyumbani mbuzi alichinjwa, ndiyo. Lakini watu wakiwa bado wanatafuna, Baba alisimama akatangaza kwamba Jafeti ndiye atakayesimamia kahawa na ng'ombe, “kwa sababu Jafe hatoki.” Kukaa nyumbani kukawa kisomo kikubwa kuliko changu.

Kwa hiyo nilimwonea wivu mdogo wangu. Sisemi hivi kwa majuto. Nasema kwa sababu kila mtu alijua, na yote yaliyofuata yalitokana na kujua kwao.

Katika mchezo wetu kuna sheria moja. Hutaji stesheni mpaka yenyewe ijitaje. Unaweza kuitambua lugha, wimbo, hata kikohozi cha mtangazaji; bado unangoja. Saa kamili ikifika, mtangazaji hutaja saa na jina la stesheni, na hapo ndipo unapata haki ya kusema umeisikia. Kisha unawaandikia, unawaeleza ulichosikia, na wakiridhika wanakutumia kadi ya kuthibitisha. Nilikuwa na kadi za Oman, India, Iran, Madagaska. Zilikuwa ukutani katika duka langu la ufundi la wakati huo, mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, chini ya diploma. Baba aliwahi kuzikagua moja moja.

“Sasa hawa wamekuandikia ili iweje?”

“Ili wakubali kwamba nimewasikia.”

“Kwani walikuwa wanakataa?”

Jioni ile ya Elementaita, heroe wakiwa bado wamesimama majini, stesheni za mashariki zilianza kuingia. Huja kwanza kwa sababu giza huzifikia kwanza. Nilikuwa nimevaa visikizi nikizungusha kitufe polepole, na kwa kuwa nilitaka hata Jafeti aone ukubwa wa kazi, nilimfundisha ujanja mmoja. Nilimwambia kwamba redio ndogo haina mahali pa kuchomeka waya, lakini ukiilaza kandokando ya waya mrefu bila kuiunganisha, itanyonya sauti kutoka kwenye waya huo. Akailaza. Ikalia kwa nguvu, muziki wa ala za nyuzi, na mwanamke akiongea kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

“Antananarivo!” Jafeti akapiga kelele. “Baba, tumeingia Antananarivo bila pasipoti!”

“Ngoja ijitaje,” nilisema.

“Itajitaja nikiwa nimeshafika sokoni.”

Ilipojitaja ilikuwa Shelisheli. Niliwaambia. Haikusaidia kitu. Kesho yake kanisani Baba aliwasimulia watu jinsi Jafe alivyoishika Antananarivo kwa redio ya betri mbili. Waya wangu haukutajwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kawaida.

Magazeti huita yale yaliyofuata uchaguzi ule ghasia. Sisi tuliokuwa ndani yake huita vita.

Vilifika Bondeni mchana. Nilikuwa dukani na mama mmoja aliyeleta pasi. Tulisikia filimbi. Kisha mawe juu ya mabati, nyumba baada ya nyumba, yakikaribia.

Mama akaiacha pasi akakimbia.

Nilichungulia. Kwenye kona kulikuwa na vijana wenye mapanga na marungu, nyuso zimepakwa masizi. Mmoja hakujipaka. Nilikuwa nimemtengenezea simu siku chache kabla. Alinitazama, akanyoosha kidole kuelekea duka langu, kisha akageuza uso.

Nilikuwa na nafasi ya kuchukua kitu kimoja.

Redio ilikuwa nzito. Diploma ilikuwa juu yangu, ndani ya fremu.

Nilichukua diploma, nikatokea dirisha la nyuma.

Kwenye mfereji kulikuwa na mtu amelala kifudifudi, kofia yake kando. Nilimruka. Sikusimama kuona kama anapumua. Moshi ulionifuata ulinuka plastiki, na pua ya fundi haihitaji kugeuka ili kujua ni nini kinaungua.

Tulikusanyika katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Familia zililala kwenye mabanda ambamo miaka mingine ng'ombe wa mashindano hufungwa riboni. Siku ya pili niliwaona Baba na Jafeti wakishuka kutoka kwenye lori dogo la kanta la Mzee Paulo, jirani yetu wa Subukia, pamoja na nusu ya watu wa kijiji. Baba alikuwa na mtungi mtupu wa maziwa. Jafeti alikuwa na redio nyekundu shingoni, imefungwa kwa kamba ya kiatu.

Baba hakuniuliza nililala wapi. Aliniambia, “Rehema ameachwa.”

Rehema alikuwa ng'ombe wake mkubwa, aliyekuwa amezaa karibuni. Jafeti alikuwa amemfungulia kamba kabla ya kukimbia, lakini ng'ombe wa maziwa akifunguliwa haendi popote. Husimama kwenye zizi na kulia.

“Kiwele kikijaa hivyo siku mbili tatu, kitaoza,” Baba alisema. “Huyo mnyama anaungua ndani sasa hivi tukiongea.”

Hayo aliyarudia asubuhi na jioni. Wengine walililia nyumba. Yeye alisikiliza maumivu ya ng'ombe aliye mbali kama mtu anayesikia jino lake mwenyewe.

Shida yetu kubwa baada ya maji ilikuwa habari. Simu zilizima kwa kukosa mahali pa kuchaji, na maduka ya kadi za simu yalikuwa yamefungwa au yamechomwa. Redio za FM zilicheza nyimbo za dini na kutusihi tupendane. Hakuna iliyosema ni barabara gani ina vizuizi. Na hapo ndipo mdogo wangu aliponishinda kabisa, kwa sababu mimi msikilizaji wa Kilifi na Elementaita, mwenye kadi kutoka Oman, sikuwa na redio, naye alikuwa nayo.

Alikumbuka ujanja wa ufuoni. Uwanja umezungushiwa seng'enge ndefu. Jafeti alikwenda kwenye ua, akailaza redio juu ya nguzo, karibu kugusana na waya, na seng'enge yote ikawa antena yake. Watu walikusanyika. Mchana alishika stesheni yetu ya AM, ambayo siku hizo ilikuwa ikikatika kila mara. Giza likiingia alishika Dodoma, Kampala, mpaka Waarabu. Betri zilipochoka alizianika juani juu ya bati, zikapata uhai kidogo. Baada ya kila habari aliifupisha kwa mizaha yake, na watu waliokuwa hawajala walicheka. Wakamwita Stesheni. Mimi walikuwa wameshanipa jina langu siku ya kwanza, nilipofika na fremu kwapani.

“Diploma,” Mama Joy aliniuliza mbele ya watu wote. Alikuwa akiuza mitumba karibu na duka langu, na mdomo wake haukuwahi kukimbia vita. “Hiyo cheti yako inashika stesheni gani?”

“Waya ule wa ua ni mimi niliyemfundisha,” nilisema.

“Haya basi, nenda ulaze cheti kwa waya tuone.”

Walicheka. Baba pia.

Nilimwambia Jafeti faraghani awe mwangalifu. Nilimwambia kwamba waya mrefu namna ile usiku hauchagui, unaleta kila kitu, na stesheni ya mbali inaweza kuifunika ya karibu ukadhani ni ile ile. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa hodari wa kusikiliza, hilo sikumnyima. Kisha akanigonga bega.

“Sawa, mwalimu. Lakini ukiwaambia watu ngoja kila siku, watakata tamaa.”

Jioni moja, muda mfupi kabla ya saa mbili, tulikuwa tumeuzunguka ua. Mchana helikopta ilikuwa imepita juu yetu, na mtu alikuwa ameona malori yakitoka kambi ya jeshi ya Lanet. Kila mtu alikuwa na tumaini kooni. Jafeti alizungusha kitufe. Sauti ya mwanamume ikapanda kutoka kwenye mchakarisho, Kiswahili safi.

“... wanajeshi wameondoa vizuizi vyote katika barabara ya kaskazini ...”

Ikazama. Watu wakasogea karibu zaidi.

“... wananchi waliokimbia makwao wanaombwa kurejea ... usalama umeimarishwa ...”

Ikazama tena, polepole, kama mtu anayeondoka huku akiongea. Muziki ukaanza.

Mzee Paulo alivua kofia. Mama Joy alipiga kigelegele. Barabara ya kaskazini kutoka Nakuru ndiyo barabara ya Subukia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nikajua haikuwa yetu.

Stesheni ya karibu huwa haizami na kupanda namna ile. Hukatika, au huwa hapo. Sauti iliyotoka angani ndiyo huja na kwenda kama pumzi. Na saa ile, stesheni za mashariki zilikuwa zimeshakomaa. Zilizokuwa zinaanza kufika ni za magharibi, zilizokuwa ndiyo kwanza zinaingia gizani. Magharibi kuna nchi nyingine zenye Kiswahili, na zenye vita.

“Hiyo si ya hapa,” nilisema. “Hiyo imetoka mbali. Msiizime. Saa mbili kamili itajitaja.”

“Barabara ya kaskazini ni gani nyingine?” Mzee Paulo aliuliza.

“Kila nchi ina kaskazini, mzee.”

“Na wanajeshi waliotoka Lanet leo?”

“Sijui walikokwenda. Na wewe hujui.”

“Ameanza,” Mama Joy alisema. “Ingekuwa yeye ndiye ameishika, sahi tungekuwa tumepanga mizigo.”

Hapo Baba akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alinitazama usoni jinsi ambavyo hakuwa amenitazama tangu nirudi.

“Unamwonea wivu ndugu yako,” alisema. “Tangu azaliwe.”

Ilikuwa kweli. Na stesheni haikuwa yetu, na hilo pia lilikuwa kweli. Sikujua namna ya kuwafanya waone kwamba mtu anaweza kubeba yote mawili kwa mdomo mmoja.

“Ndiyo, namwonea,” nilisema. “Ngojeni saa mbili.”

Jafeti alikuwa bado kwenye nguzo. Mkono wake ulikuwa juu ya redio, na nilimwona akitazama huku na huku kati yetu. Muziki ulikuwa umeanza kufifia, safari hii kwa sababu ya betri.

“Jafe, zima,” Baba alisema. “Tutunze betri. Kesho tutazihitaji barabarani.”

Jafeti akazima.

Zilikuwa zimebaki dakika chache tu.

Kulipokucha nilikwenda getini. Kulikuwa na gari la wanajeshi na kijana mmoja mwenye bunduki aliyekuwa akipiga mswaki.

“Afande, barabara ya Subukia imefunguliwa?”

“Nani amekwambia?”

“Redio.”

Alitema maji. “Sisi hatujapata hiyo. Kaa ndani, boss.”

Nilirudi nikikimbia. Kanta ilikuwa inanguruma. Wanaume walikuwa wamepanda nyuma na mitungi, jembe, vipande vya turubai. Baba alikuwa katikati yao, ameketi juu ya mtungi wake.

“Nimeuliza wanajeshi,” nilisema. “Hawana habari hiyo.”

“Umeuliza nani?” Mzee Paulo alisema kutoka kwenye usukani. “Yule wa geti? Yule hata lango lenyewe hajui linafunguka upande gani.”

“Baba, shuka.”

Akajikaza juu ya mtungi.

“Baba, nakuomba.”

Alitazama mbele, kuelekea milimani. Nilishika mguu wake, mbele ya watu wote, mimi mwenye diploma. Aliusogeza.

Jafeti alikuwa bado chini, akifunga mlango wa nyuma wa kanta. Alinitazama. Kisha akasema kwa sauti yake ile nyepesi, “Mzee, shuka wewe. Nikikuchukua, ni nani atamchunga Diploma? Nitamkamua Rehema nirudi na mtungi umejaa.”

Baba akashuka. Hivyo tu. Kwangu mimi alikuwa jiwe, na kwa Jafeti alishuka kama anayeitwa kula.

Jafeti alivua redio shingoni akanivisha mimi. Alitoa betri zilizokufa akazitia mfukoni mwa shati, akatia mbili alizokuwa amezianika jana. Alinisogelea, na hakutania.

“Leo saa mbili sikiliza,” alisema. “Utaniambia ilikuwa ya wapi.”

Akapanda. Kanta ikatoka.

Nimelipima neno hilo kwa miaka mingi. Alikuwa ameniamini kiasi cha kumshusha Baba. Hakuniamini kiasi cha kubaki. Au aliniamini kabisa, lakini watu walikuwa wamepanda kwa neno lake, na hakuona jinsi ya kuwaacha waende peke yao. Sijui. Hiyo ni stesheni nyingine ambayo haikujitaja.

Habari ilikuja kabla ya adhuhuri. Mzee Paulo alirudi kwa miguu, bila kofia, mkono mmoja umefungwa kwa shati. Alipita katikati ya watu. Alimtazama Baba, akaketi chini.

Nilikwenda na wanajeshi kuwachukua. Waliniruhusu kwa sababu nilisema naweza kuwatambua wote.

Barabara ilipoanza kuteremka kuelekea bondeni kulikuwa na magogo na mawe.

Kanta ilikuwa imeungua mbele. Mitungi ilikuwa imetawanyika nyasini.

Waliokimbia walikuwa wamekimbilia upande wa kushoto, kwenye mahindi. Jafeti hakuwa upande huo. Alikuwa karibu na mlango wa nyuma aliokuwa ameufunga mwenyewe, na ulikuwa wazi. Aliyenusurika mwingine aliniambia baadaye kwamba Jafeti alibaki kuufungua kwa sababu komeo lilikuwa limekwama na watu walikuwa bado ndani.

Nilimtambua kwa betri mbili mfukoni.

Nilimbeba kichwa. Askari alibeba miguu. Kutoka pale unaliona bonde lote, kijani, mashamba ya kahawa, na mahali pengine chini, bila shaka, ng'ombe alikuwa analia.

Jioni ile nilikwenda kwenye ua peke yangu. Watu waliniona na hawakunifuata. Niliilaza redio juu ya nguzo, pale pale, nikazungusha kitufe mpaka nikapata sauti ya yule mwanamume. Ilipanda na kuzama. Nilingoja. Mkononi nilikuwa na saa yangu ya mkono, na mshale ulipofika saa mbili kamili, muziki ulikatwa, mtangazaji akasema ni saa moja jioni. Saa moja. Kwetu ilikuwa mbili. Kisha akataja mji wake. Ulikuwa mashariki mwa Kongo, mamia ya kilomita kutoka pale niliposimama, ambako barabara nyingine ya kaskazini ilikuwa imefunguliwa na watu wengine walikuwa wanarudi makwao.

Nilikuwa nimesikia sawasawa. Sijawahi kusikia sawasawa kuliko siku hizo mbili. Na aliyeniagiza nimwambie hakuwepo.

Nilimwambia Baba. Aliketi kwenye banda, mtungi miguuni.

“Ilikuwa ya Kongo,” nilisema.

Aliugusa mtungi kwa mguu.

“Alinishusha yeye,” akasema. “Jafe ndiye alinishusha.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyejua, lakini ni mwingine aliyemwokoa. Hata uhai wa Baba, ambao nimeulisha na kuuvika tangu siku ile, ni zawadi ya Jafeti. Nimejenga nyumba juu ya zawadi ya mdogo wangu.

Rehema alikutwa amekufa zizini. Shamba tuliliuza baadaye. Nilianza upya kwa diploma ile ile, nikiwa nimelala sakafuni mwa duka la mtu, na leo watu huja kutoka Gilgil na Njoro kunitafuta niwafungie paneli. Baba anaishi nami Lanet. Ana chumba chenye jua, runinga, na redio mpya nzuri niliyomwagizia kutoka nje. Haigusi. Kila jioni huketi na ile nyekundu. Nimeibadilishia spika, nimeichomelea waya za ndani, nimeitengenezea kitufe cha plastiki kilipopotea. Kama si mimi ingekuwa imenyamaza zamani. Wageni wakiiuliza, huwaambia, “Hii ni ya Jafe. Iliwahi kushika Antananarivo.”

Mwaka huu nilimpeleka tena Elementaita. Maji yamepanda sana miaka hii, na pale tulipoweka kreti ya soda sasa ni ziwa. Miti iliyokufa imesimama ndani. Tulikaa juu zaidi. Nilitandaza waya. Nilikuwa na gari langu mwenyewe, na redio bora kuliko ile iliyoungua, na sikuitoa kwenye sanduku lake.

Baba anaona kidogo tu sasa. Alipapasa mpaka akaupata waya, akailaza nyekundu kando yake kama alivyoona ikilazwa siku ile. Jua lilizama. Stesheni za mashariki zikaanza. Muziki wa ala za nyuzi ulipanda, mwanamke akaongea, ukazama, ukapanda tena. Baba alitabasamu akigeuza uso kuelekea majini. Nilitazama saa yangu. Zilikuwa zimebaki dakika mbili ijitaje.

“Jafe,” alisema, akinyoosha mkono kuelekea nilipokuwa. “Zima. Tutunze betri.”

Nilizima.